Watoto Hawachagui Kazi, Wanazifuta

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wazazi na walimu wa madarasa ya kati. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliotamani kuja wasiweze.

Waheshimiwa walimu, wazazi wenzangu, walezi, na ninyi wanafunzi mliokaa pale mbele mkitusikiliza tukiwajadili: hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwasaidia wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 kuzifahamu kazi wanazoweza kuja kuzifanya. Niseme mapema kwamba sitazungumzia jinsi ya kumfanya mtoto achague. Mtoto wa miaka 12 hana haja ya kuchagua kazi. Hakuna chuo kinachomsubiri kesho, wala mwajiri anayemdai jibu. Leo akikwambia anataka kuwa rubani na mwezi ujao akasema mwanasheria, hajapotea. Ndivyo umri wake ulivyo, na tumwache aseme.

Linaloniumiza mimi ni jingine, na linaniumiza zaidi kwa kuwa halina kelele. Wakati sisi tunasubiri watoto wachague, wao wanafuta. Wanafuta kazi moja baada ya nyingine, hawamwambii mama, hawamwambii mwalimu, na mara nyingi hata wao wenyewe hawajui kwamba wamefuta. Tunakuja kushtuka mtoto ana miaka 17, tunamuuliza unataka kufanya nini, anataja kazi tatu. Zile nyingine zilikwenda wapi?

Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Gottfredson, alieleza jambo hili kwa utaratibu ambao tangu nilipousoma umebadilisha namna ninavyowasikiliza watoto. Alisema mtoto wa miaka 3 hadi 5 anajua tu kwamba watu wazima wana kazi. Kati ya miaka 6 na 8 anaanza kugawa: hii ya wanaume, ile ya wanawake, na zile anazoona si za jinsia yake anaziweka kando. Kati ya 9 na 13 anaanza kupima heshima: hii ni kazi ya watu duni, ile ni ya watu wa juu sana, siifikii. Kuanzia miaka 14 hivi ndipo anapojiuliza kwa dhati: mimi napenda nini? Mimi naweza nini?

Mmeuona mpangilio huo, ndugu zangu? Swali linalomhusu yeye mwenyewe, moyo wake na mikono yake, ndilo linalokuja mwisho. Linakuja wakati orodha imeshakatwa kwa vigezo vya watu wengine. Na Gottfredson aliongeza neno zito: kazi ambayo mtoto amekwisha kuifuta, ni nadra sana arudi kuiangalia tena kwa hiari yake. Asipotokea mtu wa kumrudisha, imekwenda.

Sasa wanafunzi wetu wa madarasa ya kati wako wapi katika mpangilio huo? Wako katikati ya kufuta. Ndiyo maana nasema kazi yetu ya kwanza si kuwasaidia wachague. Kazi yetu ni kuwazuia wasifute kitu ambacho hawajakiona.

Kuna picha zinazonisaidia kulieleza hili. Mwaka 1983 mtafiti David Chambers alichapisha matokeo ya zoezi jepesi kabisa: watoto waliambiwa wachore mwanasayansi. Watoto 4,807. Kati ya michoro yote hiyo, wanawake walikuwa 28. Ishirini na wanane! Na wote 28 walichorwa na wasichana. Hakuna mvulana hata mmoja aliyemchora mwanamke.

Mtasema hayo ni ya zamani. Ni kweli, mambo yamesogea. Mwaka 2018 watafiti walikusanya michoro ya Marekani ya miaka hamsini, wakakuta kwamba katika tafiti zilizofuata wanawake wamefika wastani wa 28 katika kila michoro 100. Lakini nawaomba mlisikilize hili la pili kwa makini kuliko la kwanza. Wasichana wa miaka 6 walimchora mwanamke katika takriban michoro 70 kwa 100. Wasichana wa miaka 16? Takriban 25. Yule mtoto wa miaka 6 alijiona ndani ya picha. Miaka kumi baadaye amejitoa. Hakuna aliyemfukuza kwa maneno. Alitazama tu huku na huku, akahesabu nani yupo na nani hayupo, akatoa hukumu yake. Na katikati ya miaka hiyo kumi, alipita katika madarasa yetu.

Wavulana nao wanafuta. Mvulana mwenye subira ya ajabu kwa watoto wadogo, anayejua kumtuliza mdogo wake kuliko mtu yeyote nyumbani, ukimtajia ualimu wa awali au uuguzi anacheka kwa aibu. Amekwisha kuambiwa na dunia kwamba hiyo si yake. Tunampoteza vilevile.

Niende kwenye jambo la pili. Watoto wetu wanayajua majina ya kazi, hawazijui kazi.

Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilitoa ripoti mwaka 2020 kutokana na majibu ya vijana wa miaka 15 waliofanya mtihani wa kimataifa wa PISA. Katika nchi 41, wavulana 47 kati ya 100 na wasichana 53 kati ya 100 walitarajia kufanya mojawapo ya kazi kumi tu zinazotajwa zaidi. Kazi kumi! Udaktari, ualimu, uhandisi, sheria, upolisi, na nyingine za namna hiyo. Na msongamano huo ulikuwa umeongezeka kuliko mwaka 2000. Watoto waliokua na intaneti mikononi, wenye dunia nzima kwenye kioo cha simu, wanaona kazi chache kuliko waliowatangulia.

Niliwahi kukaa na msichana mmoja aliyesema anataka kuwa daktari. Nikamuuliza, daktari anafanya nini tangu asubuhi mpaka jioni? Akasema anatibu. Nikasema sawa, anatibu vipi, anaanza na nini? Akanyamaza. Sikutaka kumwaibisha, nikageuza swali. Nikamuuliza, umewahi kufika hospitalini ukakaa kwa muda? Akasema ndiyo, bibi yake alipolazwa. Nikamuuliza, ulikuwa unatazama nini? Hapo macho yakaamka. Akanieleza habari za mashine iliyokuwa kando ya kitanda cha bibi, mistari yake, mlio wake, na jinsi siku moja ilivyokatika akaja mtu na kisanduku cha vifaa, akaifungua, akaitengeneza. Alikieleza kisanduku kile kifaa kwa kifaa. Habari za daktari hakuzitaja hata mara moja.

Yule mtu ni fundi wa vifaa tiba. Mtoto alikuwa amemwona, amempenda, na hakujua kwamba ile ni kazi inayosomewa. Alichukua jina la karibu alilolijua likiwa na harufu ya hospitali: daktari. Huenda akaja kuwa daktari na akawa hodari. Lakini sasa anajua kwamba kuna vitu viwili, si kimoja.

Walimu, hili zoezi mnaweza kulifanya kwa kipindi kimoja bila kugharimia chochote. Chukueni mahali pamoja ambapo watoto wanapajua, kama hospitali, muwaulize: ni nani wote wanaofanya kazi humu? Wataanza na daktari na muuguzi, watakwama. Msiwape majibu. Waulizeni: damu ikishachukuliwa inakwenda kwa nani? Atatokea mtaalamu wa maabara. Dawa inatoka wapi? Mfamasia. Mfupa uliovunjika ulionekanaje? Mpiga picha za eksirei. Aliyevunjika mguu anafundishwa na nani kutembea tena? Nani anajua faili la mgonjwa liko wapi, nani anahakikisha umeme haukatiki chumba cha upasuaji, nani anapanga chakula cha mgonjwa wa kisukari, nani anayeandika programu ya kompyuta ya pale mapokezi? Wataandika mpaka ubao ujae. Kisha waulizeni swali ambalo ndilo hasa tunalitafuta: katika matatizo yote haya, lipi ungependa wewe ndiwe wa kulitatua? Msiwaulize wanataka cheo gani. Waulizeni tatizo gani linawavuta.

Naomba hapa niseme neno kuhusu usemi mmoja unaozunguka sana katika mikutano kama hii. Tunaambiwa kwamba 65 kwa 100 ya watoto walioko shuleni watafanya kazi ambazo bado hazijakuwepo. Waliofuatilia chanzo cha takwimu hiyo hawakukuta utafiti wowote nyuma yake. Nawaomba tuiache. Inamwambia mtoto kwamba hakuna haja ya kutazama kazi zilizopo, na inatupa sisi wakubwa kisingizio cha kutomwonyesha. Kazi zinabadilika, ndiyo, na vifaa vyake vinabadilika haraka. Lakini watu wataendelea kuugua, nyumba zitaendelea kujengwa, maji yataendelea kuhitaji kufika bombani, na mtoto aliyeielewa kazi moja kwa undani ana pa kuanzia hata itakapobadilika.

Jambo la tatu, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo: kazi haionyeshwi kwa karatasi, inaonyeshwa na mtu.

Uswisi, wanafunzi walio katika miaka ya mwisho ya elimu ya lazima, wengi wakiwa na miaka 13 hadi 15, hupewa nafasi ya kwenda kuonja kazi. Mtoto anakwenda karakana, ofisi, jikoni mwa hoteli au maabara, anakaa siku moja hadi wiki, anavaa aproni au kofia ngumu, anashika zana chini ya uangalizi. Anaweza kuonja kazi mbili, tatu, nne. Baada ya hapo takriban theluthi mbili ya vijana wa nchi ile huingia katika mafunzo ya ufundi na uanagenzi, wakiwa na fani zipatazo 250 za kuchagua. Mtoto anayerudi kutoka kuonja akasema "hii siitaki" amepata faida kubwa. Ameikataa kazi baada ya kuiona. Mnaona tofauti yake na kufuta?

Uingereza, mwaka 2014, taasisi ya Gatsby ilitoa vigezo vinane vya mwongozo bora wa kazi shuleni, na kimojawapo kinasema kuanzia miaka 11 kila mwanafunzi akutane na waajiri au wafanyakazi angalau mara moja kila mwaka, makutano yenye maana. Miaka miwili kabla yake, huko huko Uingereza, vijana waliokumbuka kukutana na waajiri mara nne au zaidi walipokuwa shuleni walionekana kuwa na uwezekano mdogo mara tano wa kukaa bila kazi wala masomo, ukilinganisha na wasiokumbuka hata mara moja. Sisemi makutano hayo peke yake ndiyo yaliyowabeba. Maisha yana mengi. Nasema tu kwamba hapo pana jambo ambalo shule yoyote inaweza kulijaribu.

Lakini tuwe waangalifu na neno "makutano yenye maana". Mgeni anayesimama mbele ya watoto 200 akawahutubia saa nzima juu ya bidii na nidhamu, hajawaonyesha kazi. Nawasihi tulete watu wachache, waketi na vikundi vidogo. Tuwaombe waje na kitu cha kazi yao mkononi: mpima ardhi na darubini yake, fundi umeme na mchoro wa nyaya, mhasibu na kitabu ambacho hesabu zake zimegoma kulingana. Na tuwape watoto maswali mapema. Leo asubuhi ulianza na nini? Wiki hii kitu gani kimekushinda? Ulipokuwa na umri wangu ulikuwa unapenda kufanya nini? Sehemu gani ya kazi yako hakuna aliyekuambia kabla hujaianza? Haya ni maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu kwa hotuba. Itabidi aseme ukweli.

Na tusilete waliofika kileleni tu. Leteni kijana aliyeanza kazi miaka miwili iliyopita, ambaye bado anakumbuka hofu yake. Leteni mwanamke mchomeleaji na mwanamume muuguzi, na msiwatambulishe kama maajabu. Watambulisheni kwa kazi yao, watoto wataona wenyewe.

Ngoja niwape kisa cha kweli. Mwaka 1791 alizaliwa mtoto wa mhunzi karibu na London, jina lake Michael Faraday. Nyumbani hakukuwa na fedha, na shule aliipata kidogo tu. Alipokuwa na miaka 13 alianza kutumwa-tumwa katika duka la mfanyabiashara wa vitabu, George Riebau, na mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wake wa kujalidi vitabu. Miaka 13, miaka 14: umri wa watoto wetu hawa. Kazi yake ilikuwa kushona na kugundisha kurasa. Lakini alikuwa akizisoma kurasa zile. Akakutana na maandishi juu ya umeme na kemia, akaanza kufanya majaribio madogo kwa senti alizonazo, na Riebau, bwana wake, hakumkemea kwamba anapoteza muda wa duka. Alimwachia nafasi.

Kisha, mwaka 1812, mteja mmoja wa duka akampa tiketi za kwenda kumsikiliza mwanasayansi Humphry Davy. Faraday alikwenda, akaandika kila alichosikia, akachora vifaa, akajalidi maelezo yale kwa ufundi wake mwenyewe na kumpelekea Davy. Mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Mwaka 1831 akagundua jinsi sumaku inayosogea inavyozalisha umeme katika waya, na mitambo mikubwa inayotuzalishia umeme mpaka leo inafanya kazi kwa kanuni hiyo.

Watu wengi wakikisimulia kisa hiki wanamsifu Faraday, na anastahili. Mimi nawatazama wale wawili wengine. Bwana duka aliyemruhusu mwanagenzi kusoma. Mteja aliyekuwa na tiketi akamwona kijana anayezihitaji kuliko yeye. Je, walijua wanachokifanya? Hawakuwa na mtaala. Hawakuwa na fomu. Walimwona mtoto akivutwa na kitu, wakamsogeza hatua moja. Kila mtu mzima aliyeko humu ndani anaweza kumsogeza mtoto hatua moja.

Neno fupi juu ya majaribio ya kupima mapendeleo, kwa kuwa najua shule nyingi zinayatumia. Mengi yametokana na kazi ya mwanasaikolojia John Holland, aliyeyagawa mapendeleo ya watu katika makundi sita: wapenda kazi za mikono na zana, wachunguzi, wasanii, wapenda kuhudumia watu, wapenda kuongoza na kuuza, na wapenda mpangilio na kumbukumbu. Ni chombo kizuri cha kuanzisha mazungumzo. Ila mapendeleo ya mtu hutulia zaidi baadaye, akikaribia miaka 20. Kwa hiyo msimpe mtoto wa miaka 12 matokeo yale kama hukumu. Muulizeni: unakubaliana nayo? Wapi imekukosea? Majibu yake yatakuwa na faida kuliko alama zenyewe.

Na walimu wa hisabati na sayansi, nawaomba kitu kimoja. Mtoto akisema "hisabati si yangu", msiitikie. Akiiacha akiwa na miaka 13, anajifungia kazi ambazo hata majina yake hajawahi kuyasikia, za majengo, za fedha, za afya, za kompyuta, za anga. Hakuchagua kuziacha. Alikuwa anakimbia mtihani wa Ijumaa tu.

Wazazi wenzangu, sasa sisi. Watoto wanatusikiliza wakati tunapodhani wako bize na michezo. Tunaporudi jioni tukisema kazi ni mateso tu, wanasikia. Tunapompita mfagiaji na kumwambia mtoto "usiposoma utakuwa kama huyu", wanasikia mambo mawili: kwamba yule mtu hana thamani, na kwamba kazi zimegawanyika mafungu mawili, ya heshima na ya aibu. Kumbukeni miaka 9 hadi 13. Huo ndio umri wa kupima heshima, na mizani wanaichukua kutoka vinywani mwetu.

Najua hofu yenu. Mnataka mtoto apate kazi itakayomlisha, na hofu hiyo ni halali. Hakuna mzazi anayeomba mwanawe ataabike. Lakini mtoto akikutajia kazi usiyoitaka, usianze na mshahara. Anza na "nieleze, nini kinakuvutia humo?" Mama mmoja alimjibu hivyo binti yake aliyetaka kuwa mwigizaji. Katika mazungumzo ikaonekana kwamba binti hapendi kusimama jukwaani hata kidogo. Anachopenda ni kuandika maneno wanayosema wengine. Hadithi ikawa nyingine kabisa, na mama na mwana wakawa upande mmoja. Mama yule angesema "hiyo si kazi", mazungumzo yangekufa siku ile, na binti angeficha hata ile ndoto ya kuandika.

Waelezeni pia kazi zenu wenyewe. Mtoto wako anajua unakofanya kazi. Je, anajua leo ulitatua nini? Mwambie, dakika tano tu, wakati wa kula. Mwambie lililokushinda na uliyemwomba msaada.

Nimalizie kwa ombi. Pale mezani karibu na mlango kuna karatasi yenye nafasi tatu: kazi unayoifanya, kitu kimoja cha kazi hiyo unachoweza kuja nacho darasani, na siku unayoweza kupokea wanafunzi wawili au watatu waje kukaa nawe nusu siku. Hata kama unadhani kazi yako haina la kuonyesha, iandike. Hata kama huna ajira na unajitafutia kwa mikono yako, iandike, kwa maana watu kama wewe ndio ambao watoto hukutana nao kwa uchache zaidi darasani. Mwalimu wa ushauri nasaha ataikusanya jioni hii, na vikundi vya kwanza tungependa vitoke kabla ya muhula kuisha. Na ninyi wanafunzi, karatasi ya pili ni yenu. Andikeni tatizo moja ambalo mngependa kumwona mtu mzima akilitatua, na sisi tutamtafuta huyo mtu.

Asanteni sana.